Kalafati: Neno la Mafundi wa Bahari Kwenye Ufuko wa Kivu

Nikiwa mwaka wa kwanza nilisimama mbele ya wenzangu katika somo la historia ya Kiswahili nikasema, bila wasiwasi wowote, kwamba neno kalafati limetoka Kireno. Ilikuwa zamu yangu kuwasilisha maneno kumi ya mkopo. Nilikuwa nimeyapanga vizuri ubaoni: meza, bendera, gereza, leso, mvinyo, foronya, karata, parafujo, bomba, na la mwisho kalafati. Ushahidi wangu juu ya hilo la mwisho ulikuwa mmoja tu: Wareno wana neno calafate, na mtu mwenye masikio anasikia kuwa ni lile lile. Mwenzetu mmoja aliyekulia Tanga akanyoosha mkono akasema kwao wazee husema ni Kiarabu. Tukabishana. Mwalimu alituacha tubishane kwa dakika kadhaa, kisha akauliza swali lililotunyamazisha: "Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuiona kalafati yenyewe?"

Mwenzangu wa Tanga alikuwa ameiona. Mimi nilisema sijawahi. Nimekulia Gisenyi, mji ambao wilaya yake leo inaitwa Rubavu, na nyumba yetu iko mwendo mfupi kutoka Ziwa Kivu. Baadaye nilitambua kwamba nilikuwa nimeiona tangu utotoni, ila sikuwa na jina la kuiita. Insha hii ni jibu langu kwa swali la mwalimu, jibu lililochelewa miaka miwili.

Nianze na kitu chenyewe. Chombo cha mbao, kiwe mashua au jahazi, huundwa kwa mbao zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Fundi awe hodari namna gani, baina ya ubao na ubao hubaki mwanya, na mwanya huo ndio mlango wa maji. Basi fundi husokota pamba, huiloweka katika mafuta, kisha huisindilia mwanyani kwa patasi butu na nyundo, pigo baada ya pigo, mpaka ikaze. Pamba hiyo ni kalafati. Kazi ya kuitia ni kukalafati chombo. Juu yake, kwa sehemu inayokaa majini, mafundi wa pwani hupaka deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu au mafuta. Mbao zenyewe hupakwa sifa. Hapa naomba msomaji wa bara asishangae kama nilivyoshangaa mimi: sifa hii si ya kumsifu mtu, ni mafuta ya papa, na harufu yake, nimeambiwa, haina sifa hata kidogo.

Chombo kikiwa majini mbao huvimba na kuibana pamba. Kikivutwa pwani na kukaa juani, mbao hunywea, mishono hufunguka, pamba hulegea na kuoza. Kwa sababu hiyo kukalafati si kazi inayofanywa mara moja chombo kinapoundwa ikaisha. Hurudiwa kila baada ya muda, maisha yote ya chombo. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa lina uzito katika historia ya neno. Kazi inayorudiwa katika kila bandari, na mafundi wa kila bandari, juu ya vyombo vilivyotoka mbali, ndiyo kazi ambayo jina lake husafiri kwa urahisi. Nahodha anayefika ugenini chombo kikivuja hana nafasi ya kuchagua lugha. Anahitaji neno ambalo fundi wa pale atalielewa siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu. Upande wa Kireno una hoja, na bado sioni haya kwamba niliutetea. Vasco da Gama alipita pwani yetu mwaka 1498. Kabla hata ya kufika Msumbiji, merikebu zake zilikaa siku 32 kwenye mto karibu na Quelimane ya leo, mabaharia wakisafisha merikebu na kutengeneza mlingoti ulioharibika. Katika merikebu za Wareno zilizoendelea kuja baada yake, calafate alikuwa fundi mwenye cheo chake miongoni mwa mabaharia, kama alivyokuwa seremala, kwa sababu safari ya miezi mingi bila fundi wa kuziba mishono ilikuwa sawa na kujitakia kuzama. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593 na ikatekwa na Waomani mwaka 1698. Karne mbili si muda mdogo. Maneno kama parafujo na bomba yanaonyesha kwamba Waswahili hawakuchukua kwa Wareno majina ya vitu vya mezani na vya chumbani tu. Walichukua pia majina ya vyuma na mitambo. Kwa nini wasichukue na hili?

Upande wa Kiarabu una hoja yake. Kiarabu kina kitenzi qalafa na kingine qalfata, vyote vikihusu kuziba mishono ya chombo. Katika bandari za Ghuba, kama Kuwait na Bahrain, mwunda vyombo huitwa qallaf, na wako watu ambao jina hilo la kazi limekuwa jina la ukoo. Mashua za Oman na Ghuba zilikuja pwani yetu kila kaskazi na kurudi kila kusi, kabla ya Wareno na baada yao.

Je, sauti za neno zinaweza kutuamulia? Nilidhani zinaweza, na hapa ndipo niliposhindwa mara ya kwanza. Kireno calafate kikiingia Kiswahili kinatoa kalafati bila kubadili karibu chochote. Irabu ya mwisho kwa Wareno hutamkwa hafifu, na kuigeuza i ni jambo rahisi. Nikashangilia. Halafu nikajaribu njia ya pili. Tunajua Kiswahili kinavyolitendea neno la Kiarabu lenye konsonanti mbili zilizogandana: kinazitenga kwa irabu. Waqt imekuwa wakati. Qahwa imekuwa kahawa. Na q yao imekuwa k yetu, kama katika kalamu na kaburi. Basi chukua qalfat, tenga l na f kwa irabu a, malizia kwa i kama ilivyofanyika kwa wakati, unapata nini? Kalafati. Njia mbili zinafika mlango mmoja. Masikio yangu niliyoyategemea darasani hayakuwa shahidi wa chochote.

Nilitaka basi kujua Wareno wenyewe walilipata wapi, na hapo neno likafumuka mikononi mwangu. Wahispania wanalo, Waitaliano wanalo, Wafaransa wanalo, Waturuki husema kalafat, Wajerumani kalfatern. Waholanzi wamelipeleka mbali na bahari: kwao opkalefateren ni kukikarabati kitu chochote kilichochakaa kirudi katika hali ya kuonekana watu. Bahari yote ya Mediterania ilikuwa ikiziba mishono kwa neno moja, kila watu kwa matamshi yao. Henry na Renée Kahane pamoja na Andreas Tietze, walioandika mwaka 1958 juu ya maneno ya mabaharia yaliyoingia Kituruki kutoka Kiitaliano na Kigiriki, walilazimika kulifuatilia kutoka bandari hadi bandari.

Wagiriki wa Konstantinopoli nao walimwita fundi huyu kalafates, na kwao neno lilifika hadi kwenye kiti cha enzi. Mfalme Mikaeli wa Tano, aliyetawala kuanzia Desemba 1041 hadi Aprili 1042, anajulikana katika historia kwa jina la Mikaeli Kalafates. Baba yake, Stefano, alikuwa fundi wa kuziba merikebu kabla ya kuoa katika ukoo uliokuja kupata ufalme, akapandishwa hadi kuongoza kundi la merikebu zilizopelekwa Sisilia, ambako mambo yalimwendea vibaya. Mwanahistoria Mikaeli Psellos, aliyeishi wakati huo huo, hakuficha dharau yake kwa mtu aliyetoka kwenye lami na vibao kuvaa nguo za ukubwa. Mwana alimfukuza malkia Zoe, aliyekuwa amemfanya mwanawe wa kupanga. Watu wa mji wakainuka, wakamwondoa, naye akatobolewa macho. Kazi ya baba yake ndiyo iliyobaki kuwa jina lake kwa karne karibu kumi. Nimelisoma tukio hili mara nyingi, na kila mara nasikia kitu ninachokijua: jina la kazi ya mikono likitumiwa kama tusi na watu wasioweza kwenda baharini bila kazi hiyo.

Wengine walitafuta asili katika Kilatini, katika kitenzi calefacere, maana yake kupasha moto, kwa kuwa lami hupashwa moto kabla ya kupakwa. Ni maelezo mazuri, na uzuri wake ndio unaonitia shaka. Watu hupenda kulipa neno geni sababu wanayoiona kwa macho. Wafaransa walifanya hivyo waziwazi. Sisi tuliosoma Kifaransa shuleni tunajua calfeutrer, kuziba nafasi za milango na madirisha upepo usipite. Neno hilo ni calfater, la kuziba merikebu, lililovutwa na neno feutre, yaani kitambaa cha sufi iliyoshindiliwa, kwa sababu watu waliona kitambaa hicho kikitumika kuzibia. Hivyo neno likatoka majini likapanda ndani ya nyumba, likabadili sura njiani. Nitalirudia jambo hili.

Kwa Kiarabu maelezo ni ya namna nyingine. Mzizi q-l-f una maana ya ganda, na ya kuambua ganda. Magome na nyuzi za miti ndizo zilizokuwa zikizibia mishono, kwa hiyo si vigumu kuona jinsi maana ya ganda ingeweza kuzaa maana ya kuziba. Hata hivyo, wataalamu hawajakubaliana kama Wagiriki walipokea kwa Waarabu au Waarabu kwa Wagiriki, na mimi mwanafunzi wa shahada ya kwanza sitalimaliza suala hilo katika kurasa hizi.

Niliona nijaribu njia ya tatu: niache neno, nifuate ufundi. Hoja yangu ilikuwa hivi. Pwani ya Afrika Mashariki tangu zamani ilikuwa na vyombo vya kushonwa. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Eritrea, kinataja mashua za kushonwa katika pwani yetu, na kinasema mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana nazo, kwa kuwa rhapta kwa Kigiriki ni vilivyoshonwa. Msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, alipopita bandari ya Aidhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183 aliona vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, vikazibwa kwa vijiti vya mtende, vikapakwa samli, au mafuta ya mbarika, au ya papa, na akasema ya papa ndiyo bora. Watu wa da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliandika kwamba vyombo vya huko havina misumari, mbao zimefungwa kwa kamba. Na mtepe wa visiwa vya Lamu ulidumu hivyo hivyo hadi mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 2003 mafundi waliunda mtepe mmoja upya Zanzibar, katika Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020.

Sasa, mtu hawezi kushindilia pamba kwa nyundo kwenye chombo kilichoshonwa kwa kamba kama anavyoishindilia kwenye chombo cha misumari. Nyundo inatanua mshono. Msumari unavumilia, kamba inakatika au kulegea. Katika chombo cha kushonwa nyuzi za kuzibia hulazwa juu ya mwanya na kufungiwa pamoja na mshono wenyewe. Kwa hiyo, nilijiambia, kalafati kama pamba ya kushindilia imekuja pamoja na msumari, na msumari ulienea sana katika Bahari ya Hindi baada ya Wareno. Neno ni la Kireno, nami nilikuwa na haki tangu mwaka wa kwanza!

Furaha hiyo ilidumu wiki moja. Ilivunjwa na kamusi. Lisan al-Arab ya Ibn Manzur, iliyokamilishwa mwishoni mwa karne ya 13, inaeleza qalafa kwa chombo kuwa ni kushona mbao zake kwa nyuzi za mtende na kutia lami katika nafasi zilizobaki. Kushona! Karne mbili kabla ya da Gama, neno la Kiarabu lilikuwa tayari limeshika kushona na kuziba kwa pamoja, kana kwamba ni tendo moja. Hoja yangu yote ya msumari ilikuwa imesimama juu ya dhana kwamba neno lilikuwa na maana moja siku zote. Halikuwa nayo. Ufundi ulibadilika chini yake, neno likabaki juu likielea.

Kilichonipa mwelekeo mwishowe ni kitu kidogo cha sarufi ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Yatazameni yale maneno tisa mengine niliyoandika ubaoni: meza, bendera, gereza, leso, mvinyo, foronya, karata, parafujo, bomba. Yote ni nomino. Wareno walituachia vitu. Vitenzi vya mkopo vya zamani tumevipata zaidi kwa Waarabu, na vinajulikana kwa irabu zao za mwisho: kusafiri, kufikiri, kuhesabu, kusamehe. Kalafati haikusimama kama kitu peke yake. Inanyambulika kama hao ndugu zake: fundi anakalafati, chombo kinakalafatiwa. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo kama kitenzi. Ndiyo, Kiswahili kinaweza kugeuza nomino kuwa kitenzi, na ningekuwa mpinzani wangu mwenyewe ningelisema hilo kwanza. Lakini nikipima yote, naona uwezekano mkubwa ni kwamba neno lilifika kwa mafundi waliosema Kiarabu, na kwamba Wareno walipokuja na calafate wao walikuta watu wanaoweza kuwaelewa. Labda ndiyo sababu tunashindwa kuzitenganisha njia hizo mbili leo: wakati ule hakuna aliyekuwa na haja ya kuzitenganisha.

Huenda msomaji anauliza kwa nini nimejisumbua hivi kwa pamba iliyolowa mafuta. Sababu ni zile herufi tatu ndani ya mabano ambazo kamusi zetu huandika baada ya neno, Kar. au Kre. Katika nchi yangu zimebeba uzito usiokusudiwa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, lakini nimekua nikisikia kwamba ni lugha ya wageni, ya sokoni, ya mtaani Majengo, ya wale waliovuka kutoka Goma. Na kwamba ukikichambua, ukatoa ya Waarabu, ukatoa ya Wareno, hakibaki kitu. Mtu anayesema hivyo anafikiri neno ni mzigo uliopakuliwa gatini na mwenye mali. Kalafati inaonyesha hali nyingine. Wareno nao walipokea. Labda Wagiriki walipokea, labda Waarabu. Hakuna anayeambiwa Kireno si lugha kwa sababu calafate si wake. Mafundi wa Lamu, Pangani na Unguja walilichukua kwa sababu walikuwa na mishono ya kuziba, wakaliweka katika sarufi yao, wakalinyambua. Hicho si kuombaomba.

Nikarudi Gisenyi likizo iliyopita nikiwa na swali moja: je, neno hili lilifika kwetu? Kiswahili kilifika kwa miguu. Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani Desemba 1893 na msafara wake wa watu wa pwani, na mwaka 1894 ukafika ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu. Pangani ni mji wa majahazi mlangoni mwa mto. Naamini katika msafara ule walikuwamo waliojua kalafati ni nini. Lakini mitumbwi ya Kivu wakati ule ilikuwa ya kuchonga, gogo moja. Gogo halina mshono. Neno lingekuja, lingekosa kazi, lingekufa njiani.

Leo vyombo vya Kivu vina mishono. Tangu samaki wadogo wa Tanganyika walipoletwa ziwani mwishoni mwa miaka ya 1950, wale tunaowaita isambaza, uvuvi umekuwa wa usiku, kwa taa, na mashua tatu tatu zilizounganishwa kwa miti mirefu kama pembe. Nyingi ni za mbao. Nilimkuta mzee mmoja ufukweni ameilaza mashua kifudifudi, kando yake kopo la mawese na furushi la pamba. Alikuwa akifanya kila kitu nilichosoma: kusokota, kuloweka, kushindilia. Nikamuuliza kazi hii inaitwaje.

"Kuziba," akasema.

"Haina jina lingine, mzee?"

Akafikiri. "Kwa Kinyarwanda tunasema guhoma."

Nikamwambia kuhusu kalafati. Akalirudia mara mbili, taratibu, kama mtu anayeonja, akasema hajawahi kulisikia. Kisha akacheka. "Mwanangu, wewe unatafuta jina. Mimi natafuta pahali maji inapitia."

Guhoma ni kitenzi tunachotumia kwa nyumba. Ni kukandika ukuta kwa udongo. Nilikaa juu ya jiwe nikaliwaza hilo mpaka jua likawa kali. Wafaransa walichukua neno la merikebu wakalipeleka kwenye milango na madirisha yao. Wavuvi wetu, waliojua nyumba kabla ya kujua mashua ya mbao, walichukua neno la ukuta wakalishusha ziwani. Ni safari ile ile, kwa upande wa pili. Hata methali yetu ya ufa imejengwa ukutani. Ingeweza kabisa kuwa ya chombo, kama wenye kuitunga wangekuwa wakalafati.

Mzee alipomaliza, tuliigeuza mashua, vijana wanne na mimi wa tano, asiye na nguvu sana. Nilidhani ataishusha ziwani kuijaribu. Badala yake alitia maji ndani kwa ndoo, akainama kutazama tumbo la mashua kwa nje. Sehemu moja karibu na omo tone lilijitokeza, likakua, likaanguka. Akapachora alama kwa mkaa, akanipa patasi nimshikie huku akisokota pamba nyingine.